Kulinganisha Matoleo ya Bodi ya Saketi Unapoboresha Kigeuzi cha Sauti cha Nyumbani

Kigeuzi cha sauti, kile ambacho mafundi na wapenzi wa muziki hukiita DAC, hupokea namba kutoka kwenye kompyuta au kicheza CD na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka kama mawimbi ya sauti. Anayekiboresha nyumbani ni nadra abadilishe kila kitu. Kwa kawaida hutafuta bodi ya toleo jipya, kisha akahamishia humo transfoma, kasha, chipu kadhaa na pengine hata kapasita za bodi ya zamani. Kwa kuwa bodi hizo mbili hufanana kwa rangi, ukubwa na mpangilio, mtu huamini kwamba orodha ya vijenzi aliyokuwa nayo bado inafaa, na imani hiyo imeunguza chipu nyingi ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

Kanuni ninayoomba uishike tangu mwanzo ni hii: jina lililochapishwa kando ya kijenzi halikuahidi chochote nje ya toleo lake. R14 ya toleo la pili hailazimiki kuwa R14 ya toleo la kwanza, kwa sababu mchoraji anapoongeza vipinga viwili, programu yake inaweza kuhesabu upya majina yote. Kwa hiyo tunalinganisha kazi ya kila kijenzi, si jina lake.

Vilevile, namba kubwa ya toleo si cheti cha ubora. Mnamo Oktoba 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Asahi Kasei Microdevices kilichoko Nobeoka, Japani, na chipu za DAC za kampuni hiyo, ambazo majina yake huanza na AK, zikaadimika duniani. Watengenezaji wengi wakalazimika kuchora upya vifaa vyao ili vipokee chipu za kampuni nyingine kama ESS. Matoleo yaliyozaliwa hivyo yalitokana na uhaba, na baadhi yake ni mazuri sana, lakini hakuna aliyeyachora kwa sababu yale ya awali yalikuwa na kasoro. Kabla ya kutoa fedha, jiulize kwanza toleo jipya lilikuja kutatua tatizo gani, na kama tatizo hilo unalo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni toleo lipi ulilonalo

Tafuta alama ya toleo kwenye maandishi ya wino juu ya bodi, kisha itafute pia ndani ya shaba yenyewe, kwenye kona au chini ya kiunganishi. Zikipingana, mimi huiamini ile ya shaba, kwa kuwa wino unaweza kusahaulika bila kurekebishwa ilhali njia za shaba ndizo bodi yenyewe. Usitumie tarehe iliyo kwenye chipu kukadiria umri wa bodi. Chipu nyingi huandikwa tarakimu nne zinazotaja mwaka na wiki, kwa mfano 1942 kwa wiki ya 42 ya mwaka 2019, lakini chipu inaweza kukaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kulehemiwa. Tena tarakimu hizo huchanganya: 2134 inaweza kuwa wiki ya 34 ya mwaka 2021, na inaweza pia kuwa sehemu ya jina la OPA2134, ambayo ni opampu, yaani chipu ya kukuza ishara.

Ukishalijua toleo, tafuta mchoro wa saketi na orodha ya vijenzi vya toleo hilohilo. Mchoro wa toleo jirani usiufuate kama mwongozo. Utumie kama kidokezo tu, na kila mstari wake uuthibitishe kwa mita.

Hatua ya 2: Pata picha zinazoweza kuwekwa moja juu ya nyingine

Macho huchoka upesi yakihama kutoka bodi moja kwenda nyingine. Njia bora ni kuweka kila bodi kwenye skana ya mezani na kuchukua picha ya pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, kiwango ambacho nukta moja ni takribani milimita 0.04, yaani ndogo kuliko njia ya shaba ya kawaida. Picha ya upande wa chini igeuze kama kwenye kioo ili matundu yake yalingane na ya upande wa juu. Kisha fungua picha za matoleo mawili katika programu kama GIMP, ziweke kwenye matabaka mawili, uzilinganishe kwa matundu ya skrubu, na upunguze uzito wa tabaka la juu hadi nusu. Kila kilichohama kitaonekana kama kivuli chenye kingo mbili.

Ikiwa mchoraji ametoa faili za Gerber, yaani michoro ya kila tabaka la bodi inayotumwa kiwandani, kazi ni rahisi zaidi, kwani programu ya KiCad inazifungua na kuziweka pamoja bila upotovu wa lenzi. Faili hizo zina faida nyingine pia: bodi ya matabaka manne huficha matabaka mawili ndani, na hakuna skana wala taa itakayokuonyesha njia zilizomo humo.

Chukua picha hizi kabla ya kugusa kitu chochote kwa pasi ya kulehemu. Siku ambayo waya mmoja utakosa mahali pake, picha ya hali ya awali itakuwa shahidi pekee uliye naye.

Hatua ya 3: Andika orodha kwa kufuata kazi

Gawa karatasi katika sehemu: umeme, saa (mapigo ya umeme yanayoongoza kasi ya data), mapokezi ya data, chipu ya DAC, na njia ya analogi. Chini ya kila sehemu andika kijenzi cha toleo la zamani upande mmoja na kijenzi kinachofanya kazi ileile katika toleo jipya upande wa pili, ukitaja thamani, ukubwa na volti yake. Pale ambapo upande mmoja hauna mwenzake, acha nafasi wazi na uizungushie mduara, kwa maana nafasi hizo ndizo zenye habari.

Soma thamani kwa makini. Kipinga kidogo cha juu ya bodi chenye maandishi 103, kingine chenye 1002 na cha tatu chenye 01C vyote ni kiloomu 10, ilhali kilichoandikwa 100 ni omu 10 na si omu 100. Kapasita za seramiki kwa kawaida hazina maandishi kabisa, hivyo zitegemee orodha ya mtengenezaji, au zipime zikiwa nje ya bodi.

Zingatia pia vijenzi ambavyo havipo. Pedi tupu inaweza kumaanisha kwamba mchoraji aliacha nafasi ya hiari, na kipinga cha omu sufuri kinaweza kuwa ndicho kinachochagua njia moja kati ya mbili. Mtu anayejaza kila pedi tupu kwa kudhani kiwanda kilibania vijenzi, huenda akaunganisha njia mbili ambazo hazikupaswa kukutana kamwe.

Hatua ya 4: Chunguza umeme kabla ya kitu kingine chochote

Hapa nakusihi usiharakishe. Sehemu nyingine zikikosewa, kwa kawaida utapata ukimya au kelele. Sehemu hii ikikosewa, utapoteza chipu.

Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme wa ukutani, subiri, na pima volti kwenye kapasita kubwa hadi zikaribie sufuri. Upande wa transfoma unaopokea umeme wa ukutani usiuguse kama huna ujuzi wa kazi hiyo. Mpe fundi umeme aliyefuzu. Unaposhika chipu, vaa mkanda wa kifundo unaoondoa umeme tuli, ule wenye kipinga cha megaomu 1 ndani yake.

Anza na vidhibiti volti. Vingi vina umbo moja lenye miguu mitatu, lakini miguu hiyo haifanani kazi. Ukivitazama kwa mbele kuanzia kushoto, 7805 ina ingizo, graundi na tokeo. 7905 ina graundi, ingizo na tokeo. LM317 ina mguu wa kurekebishia, tokeo na ingizo. Na LM337 ina mguu wa kurekebishia, ingizo na tokeo. Bati la mgongoni nalo hutofautiana: kwenye 7805 limeungana na graundi, kwenye LM317 limeungana na tokeo, na kwenye 7905 na LM337 limeungana na ingizo. Ikiwa toleo la zamani lilitumia 7805 iliyofungwa moja kwa moja kwenye kasha la chuma, na toleo jipya linatumia LM317, mkato wa umeme utatokea papo hapo usipoweka kitenganishi kati ya bati na kasha.

Kisha hesabu joto. Tuseme transfoma yako ya zamani hutoa volti 9 za AC, yaani umeme unaobadilisha mwelekeo. Kilele chake ni 9 mara 1.414, yaani volti 12.7, diodi za rektifaya, zinazougeuza kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja), zikila volti 1.4 hivi, kidhibiti kitapokea karibu volti 11.3. Kikitoa volti 5 kwa mkondo wa miliampea 200, tofauti ya volti 6.3 mara ampea 0.2 ni wati 1.26 zinazogeuka joto. Kidhibiti cha umbo hilo kisicho na kipozajoto hupanda takribani nyuzi 65 kwa kila wati, kwa hiyo kitapanda kama nyuzi 82 juu ya joto la hewa iliyomo kwenye kasha. Sasa tuseme toleo jipya lilichorwa kwa transfoma ya volti 7: hesabu ileile inatoa wati 0.7 na ongezeko la nyuzi 46 tu, na ndiyo maana mchoraji aliondoa kipozajoto. Ukihamisha transfoma ya zamani kwenda kwenye bodi mpya, utakuwa umerudisha joto lote mahali ambapo chombo cha kulipoza hakipo tena.

Kapasita za elektrolaiti nazo zitazamwe kwa jicho hilohilo. Transfoma ndogo hutoa volti nyingi kuliko zilizoandikwa pale mzigo unapokuwa mwepesi, na umeme wa ukutani wenyewe hupanda na kushuka. Transfoma ya volti 12, ambayo kwa hesabu hutoa karibu volti 15.6 baada ya rektifaya, inaweza kukaribia 20 ikiwa haina mzigo. Kapasita ya volti 16 haistahili kukaa hapo, na ya volti 25 inatosha. Hakikisha pia kama bodi mpya inataka transfoma yenye nyaya mbili zilizotengana kabisa au yenye mguu wa katikati, maana viunganishi vyake vinaweza kufanana ilhali saketi zilizo nyuma yake ni tofauti.

Hatua ya 5: Fuata saa na njia za data

Muziki wa dijitali una familia mbili za kasi, ya kilohezi 44.1 na ya kilohezi 48, na bodi nyingi nzuri huweka kristali mbili: ya megahezi 22.5792, ambayo ni 44.1 mara 512, na ya megahezi 24.576, ambayo ni 48 mara 512. Matoleo mengine hutumia nusu yake, yaani 11.2896 na 12.288. Kristali za toleo moja zikihamishiwa kwenye toleo lingine bila kuangalia mgawanyo wa saa, muziki unaweza kucheza kwa kasi isiyo yake au usicheze kabisa.

Kati ya kipokezi cha USB na chipu ya DAC kwa kawaida hupita njia za I2S, mfumo wa kupitisha sauti ya dijitali kati ya chipu: saa ya biti, saa ya kuchagua kushoto na kulia, data yenyewe, na mara nyingi saa kuu. Angalia mambo matatu. Kwanza, mpangilio wa pini kwenye kiunganishi, ambao hubadilika bila taarifa. Pili, volti za ishara, kama ni 3.3 au 5. Tatu, saa kuu inazaliwa wapi: katika matoleo fulani hutoka kwenye kipokezi, katika mengine hukaa karibu na DAC na kurudishwa kwa kipokezi. Kama pande zote mbili zinatoa saa kwenye njia moja, tokeo mbili zitapigana. Nyaya hizi ziwe fupi. Mimi sipendi zizidi sentimita 10, na kila ishara naipa waya wake wa graundi ulio karibu nayo.

Kwa mapokezi ya S/PDIF, yaani ishara ya dijitali inayotoka kwenye vifaa kama kicheza CD, mfano mzuri ni kuhama kutoka chipu ya CS8414 kwenda CS8416. Zote zina miguu 28, lakini mpangilio wa miguu si mmoja, na CS8414 hutumia volti 5 ilhali sehemu ya analogi ya CS8416 hutaka 3.3. Hakuna namna ya kuiweka moja mahali pa nyingine. Ni lazima bodi ichorwe upya, na ukikuta mabadiliko hayo kati ya matoleo mawili, tarajia na umeme wa eneo hilo uwe umebadilika wote.

Hatua ya 6: Angalia namna chipu ya DAC inavyoamrishwa

Chipu fulani huamrishwa kwa miguu iliyofungwa kwenye volti au graundi, nyingine husubiri amri kutoka kwa kompyuta ndogo iliyo kwenye bodi. PCM1794A ni ya aina ya kwanza, na PCM1792A ni ya aina ya pili. Ikiwa toleo jipya lina kompyuta ndogo, programu iliyomo lazima iwe ya toleo hilo. Usihamishe chipu hiyo ya amri kutoka kwenye bodi ya zamani hata kama inaingia vizuri kwenye soketi.

Hatua ya 7: Pitia njia ya analogi, mguu kwa mguu

Tofauti kati ya toleo na toleo huanza kusikika masikioni katika sehemu hii, kwa hiyo wengi huikimbilia kwanza. Iache hadi umalize yaliyotangulia.

Chipu zinazotoa mkondo huhitaji saketi ya kuugeuza kuwa volti, na kipinga cha saketi hiyo huchaguliwa kwa ajili ya chipu mahususi. PCM1798 hutoa miliampea 4 kutoka kilele hadi kilele, ilhali PCM1794A hutoa 7.8. Tofauti hiyo ni mara 1.95, karibu desibeli 5.8. Zaidi ya hapo, PCM1794A hutoa mkondo wa kudumu wa miliampea 6.2 hata muziki ukinyamaza; kwa kipinga cha omu 750, tokeo la opampu ya kwanza litasimama kwenye volti 4.65, na sauti kubwa italipandisha hadi karibu 7.6. Opampu inayolishwa volti 5 chanya na 5 hasi haiwezi kufika huko, kwa hiyo ukiona toleo jipya limepandisha umeme wa opampu, sababu inaweza kuwa hii. Volti hiyo ya kudumu si kasoro, kwani chipu hutoa ishara kwa pande mbili zinazopingana, zote zikiwa na volti hiyo, na hatua inayofuata huondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine na kuifuta.

Kuhusu opampu zenyewe, usidanganywe na soketi ya miguu minane. NE5532 ina opampu mbili na hupokea umeme chanya kwenye mguu wa 8; NE5534 ina opampu moja, hupokea umeme chanya kwenye mguu wa 7, na tokeo lake liko kwenye mguu wa 6. Mguu wa 7 wa NE5532 ni tokeo. Ukiibandika NE5532 mahali pa NE5534, umeme wote wa chanya utaingia kwenye tokeo. NE5534 pia haitulii kwenye ukuzaji wa chini ya mara 3 bila kapasita ndogo kati ya mguu wa 5 na wa 8, kwa hiyo kapasita ya pikofaradi chache iliyoongezwa hapo katika toleo jipya ni marekebisho ya maana sana. Vivyo hivyo, opampu yenye kasi kama LM4562, ambayo upana wake wa masafa ni megahezi 55 dhidi ya 10 za NE5532, inaweza kutetema kwenye bodi ambayo kapasita za umeme ziko mbali na miguu yake. Pima umbali huo kwenye picha zako. Toleo lililozisogeza hadi milimita chache kutoka kwenye chipu limefanya kazi ambayo kijenzi cha bei kubwa hakiwezi kuifanya.

Kwenye kichujio, kapasita ziwe za filamu au za seramiki aina ya C0G. Seramiki ya X7R hubadilisha thamani kadiri volti inavyobadilika, na badiliko hilo huongeza upotovu kwenye sauti. Mwisho, kama kuna kapasita kwenye tokeo, hesabu mpaka wake wa chini: mikrofaradi 1 ikikutana na amplifaya yenye ingizo la kiloomu 10 huanza kukata kwenye hezi 16, na mikrofaradi 10 kwenye hezi 1.6.

Hatua ya 8: Matundu, skrubu na viunganishi

Pima umbali kati ya matundu, kimo cha viunganishi na mahali pa soketi za nyuma. Angalia kama pedi zinazozunguka skrubu zimeungana na graundi. Kwenye matoleo mengine moja tu ndiyo imeungana, kwa makusudi, na ukiziunganisha zote kwa vishikizo vya chuma utatengeneza mzunguko wa graundi unaovuma.

Hatua ya 9: Uwashe kwa awamu

Mara ya kwanza washa bodi bila chipu zilizo kwenye soketi na bila kuunganisha amplifaya. Ukiwa na chanzo cha umeme chenye kikomo cha mkondo, kitumie. Pima kila volti kwenye pini za soketi, si kwenye kidhibiti tu, kisha zima, subiri kapasita ziishiwe, weka chipu, na uwashe tena. Baada ya dakika 10 kagua joto la vidhibiti. Pima DC kwenye tokeo la kushoto na la kulia: milivolti chache ni sawa, lakini volti nzima ni amri ya kuzima, kwa kuwa DC hiyo inaweza kupita kwenye amplifaya na kuharibu spika.

Sasa cheza mlio wa hezi 100 kwa kiwango cha juu kabisa na upime AC, kwani multimita nyingi za kawaida haziaminiki kwenye kilohezi kadhaa. Vigeuzi vingi vya nyumbani hulenga karibu volti 2. Fanya hivyo kwa bodi zote mbili, na uzisawazishe hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo kwa volti 2 ni milivolti 23 tu, kabla ya kuzilinganisha kwa masikio. Ile inayotoa sauti kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi hata kama haina ubora wowote wa ziada. Namba ulizopata ziandike kwenye karatasi ile ya hatua ya tatu, pamoja na toleo la bodi na tarehe, na karatasi hiyo ikae ndani ya kasha, chini ya kifuniko, ambako fundi atakayelifungua baadaye ataiona kabla hajaugusa mguu wowote.